Risala ya Jukwaa la Mashariki kuhusu Ndala ya Ukurasa wa 112

Mgeni rasmi, Pak Ngatimin Prasojo, ambaye hapa Sumberlowo tunakuita Mkunga, yule samaki mtelezi, kwa sababu hakuna beki aliyewahi kukushika;
Mkuu wa mtaa wetu, Bu Harjanti;
Mwenyekiti wa chama chetu, Pak Giyono;
Wanachama wenzangu, pamoja na wale mliokaa juu ya ukuta ingawa kamati imekataza:

Assalamu alaikum.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, kila siku baada ya sala ya alfajiri, sisi wanachama hukutana kwenye kibanda cha kahawa cha Bu Tumirah, nyuma ya lango la uwanja. Bu Tumirah hukoroga kahawa. Pak Kuslan, baba yangu, hushusha tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, kutoka kwenye baiskeli. Pak Warsito kinyozi hupandisha miguu juu ya benchi na kuambiwa aishushe. Kisha katibu, yaani mimi ninayesimama mbele yako, husoma kwa sauti kurasa nne za kitabu cha maisha yako kilichotoka mwaka huu. Tunacho kimoja tu. Tulichanga watu ishirini na tatu, na kwa kuwa hakuna aliyekubali mwenzake atangulie kukisoma, ilipitishwa kwamba wote tukisome siku moja na saa moja, kwa mdomo mmoja. Mdomo uliochaguliwa ulikuwa wangu kwa sababu nimesoma chuo, ingawa chuoni nilisomea uhasibu na sikuwahi kunyoosha mkono darasani.

Tulikwenda hivyo kwa amani siku ishirini na saba. Siku ya ishirini na nane tulifika ukurasa wa 112, na kijiko cha Bu Tumirah kikasimama ndani ya glasi.

Pak Giyono akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Rudia polepole."

Nikarudia polepole. Maneno yalikuwa yale yale. Uliandika hivi: "Baada ya nusu fainali ile, nilipokuwa natoka uwanjani, ndala ilirushwa kutoka Jukwaa la Mashariki ikanipiga shingoni. Niliiokota. Ilikuwa ya kijani, imechomwa herufi W kwenye kisigino. Watu walionibeba mabegani mwaka mmoja kabla walikuwa wamenitupia ndala. Sikuuliza ni nani. Jumatatu nilifunga begi."

Mgeni rasmi, kwa miaka ishirini na tisa sisi tuliamini kwamba uliondoka kwa sababu ya mshahara wa Jakarta. Tulikusamehe hata hilo. Hatukujua kwamba ni sisi. Ndiyo maana tumekuita leo, na tunashukuru umekuja, maana barua yetu ya kwanza ilikuwa na kurasa kumi na moja na yote ilikuwa ya kujitetea. Karibu sana nyumbani.

HISTORIA YA JUKWAA

Jukwaa la Mashariki lilijengwa kwa mianzi, kisha kwa mbao, na sasa kwa saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa soko. Ndilo la bei ya chini kwa sababu mechi zetu huanza alasiri, na anayekaa hapa huangaliana na jua mpaka filimbi ya mwisho. Kwa hiyo mashabiki wa kweli wa timu ya Popo wa Sumberlowo tunatambulikana kwa jicho moja lililokunjamana. Mpira mwingi wa miaka ile tuliuona nusu. Nusu nyingine tuliambiwa na redio ya Pak Giyono.

Wewe ulikuja mwaka 1988 ukiwa na umri wa miaka kumi na tisa, ukacheza misimu saba. Hatuna haja ya kusimulia zaidi. Yamo kitabuni, isipokuwa yale yasiyo sahihi.

JINSI TULIVYOKIPOKEA KITABU

Tunapenda kukujulisha kwamba tulikipokea kwa furaha kubwa, na kwamba tuna malalamiko kumi na manne. Mkuu wa mtaa ametuomba tusome manne.

Kwanza, ukurasa wa 31 unasema urefu wako ni mita moja na sentimita sitini na nane. Pak Giyono ni fundi cherehani, ndiye aliyekushonea jezi zako zote, na bado ana daftari la vipimo. Ni sitini na nne. Anasema hataki ugomvi, ila kama ulirefuka baada ya kuhama angependa kujua Jakarta wanakula nini.

Pili, ukurasa wa 40 unaueleza uwanja wetu kama "bustani ya mchicha wa maji yenye magoli mawili." Mchicha ulikuwa nyuma ya goli la kusini tu, mgeni rasmi, na wewe mwenyewe ulikuwa ukichuma na kumpelekea mama mwenye nyumba wako.

Tatu, ukurasa wa 58 unasema kahawa tamu kuliko zote katika mji huu ilikuwa ya kibanda cha stendi ya mabasi. Kwa sababu ya sentensi hiyo hatukupewa kahawa siku mbili.

"Stendi!" alisema Bu Tumirah, akiwa ameshika kitambaa cha mezani kama anayetaka kumpiga mtu nacho. "Misimu saba anakunywa hapa, kijiko chake mwenyewe nimekitoboa tundu asichanganyiwe na wengine, leo ananitaja stendi!"

"Labda yule mwandishi aliyemwandikia ndiye amekosea, Bu," alisema Pak Warsito.

"Mwandishi alikunywa kahawa yake au yangu?"

Mwandishi wa kitabu, kwa taarifa yako, alikaa Sumberlowo saa tatu, na mbili kati ya hizo alikuwa anatafuta chaja ya simu.

Nne ni bao la mwaka 1993, lile la kutoka karibu na kibendera cha kona, ambalo limechorwa kwenye ukuta wa shule, kwenye malori mawili, na kwenye kaburi la marehemu Wagiyo kwa ombi lake mwenyewe. Katika ukurasa wa 97 unasema hukukusudia kufunga. Unasema ulitaka kupiga krosi, na upepo ukafanya kazi iliyobaki.

Kibanda kilizozana asubuhi nzima. Wengine walisema tukuamini, maana mguu ni wako. Pak Giyono akagonga meza: "Yeye alipiga tu. Sisi ndio tuliona!" Tukapiga kura. Kwa kura kumi na tisa dhidi ya nne, chama kimeamua kwamba ulikusudia. Tunaomba uheshimu uamuzi huo.

MAFANIKIO

Tangu uondoke, chama kimepata mafanikio yafuatayo. Tumenunua ngoma mpya. Tumeezeka theluthi moja ya jukwaa, na wanachama hukaa hapo kwa zamu kufuata siku ya kuzaliwa. Msimu huu timu yetu haikushuka daraja, kwa kuwa chini yetu hakuna daraja jingine. Na kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa huu, wanaume ishirini wamemaliza kitabu.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto yetu ni moja, nayo ni ndala.

Baada ya ukurasa wa 112 kamati iliunda jopo la uchunguzi. Wewe umekaa mjini muda mrefu, lakini utakumbuka kwamba hapa kwetu mtu hununua ndala mpya Alhamisi, na Ijumaa baada ya sala anarudi nyumbani na za mtu mwingine, kwa kuwa karibu zote ni za kijani na ngazi ya msikiti ni nyembamba. Ndiyo maana wazee wetu huchoma herufi ya jina kwenye kisigino kwa msumari wa moto. Jopo likatafuta wanachama wa mwaka 1995 wenye jina linaloanza na W.

Walipatikana watatu. Pak Wagiyo alifariki mwaka 2001, na mjane wake alituambia kwamba atakayelitaja tena jina lile atamwagiwa maji ya mchele. Pak Wiryono mwaka ule alikuwa na umri wa miaka minne. Akabaki Pak Warsito kinyozi.

Pak Warsito aliitwa kibandani. Nilikuwa ninaandika, kwa hiyo maneno ninayo kama yalivyosemwa.

"Ndala ni yako?" aliuliza Pak Giyono.

"Ndala ni yangu. Mkono si wangu."

"Maana yake nini?"

"Maana yake siku ya mechi ilikuwa Jumamosi, na Ijumaa yake nilirudi kutoka msikitini na ndala za kahawia, kubwa kama mitumbwi. Zangu zilishachukuliwa. Uwanjani nilikwenda na mitumbwi."

"Nani shahidi?"

"Mungu, na ngazi ya msikiti."

"Ngazi haiwezi kuja hapa, Warsito."

"Basi muulizeni Mungu, mbona mnaniuliza mimi!"

Jopo halikuridhika. Kuanzia siku hiyo Pak Warsito hakupata raha. Akipita sokoni, watu wanajifunika shingo. Akimnyoa mtu, mteja anayesubiri nyuma anauliza, "Pak, leo tuvue viatu au tuvae?" Watu wa mtaa wa pili walikuja kupiga picha mbele ya kibao chake. Alijitetea wiki tatu. Alisema kwamba angekuwa na shabaha ya namna ile angekwenda Olimpiki kurusha mkuki. Wiki ya nne alikuja kibandani, akakaa, na kwa mara ya kwanza hakupandisha miguu kwenye benchi.

"Andikeni ni mimi," alisema. "Nina miaka sabini na moja. Nikisubiri ukweli nitakufa na nusu ya kichwa cha mteja mkononi. Ngatimin aje, niombe radhi, yaishe, turudi kusoma. Nataka kujua kama alimwoa yule nesi wa kitabuni."

Kamati ikafurahi. Bu Tumirah akampa ndizi ya kukaanga. Baba yangu alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Aliinuka, akapanda baiskeli, akaondoka na tempe zote alizokuja kuuza.

MAOMBI

Kutokana na hayo, tunaomba mambo yafuatayo.

Kitabu kitakapochapishwa tena, urefu wako urekebishwe au Pak Giyono aombwe radhi, mojawapo litatosha.

Tunaomba kahawa ya Bu Tumirah itajwe kwa jina. Ukipenda, leo utapewa glasi mbili kabla ya kuamua.

Tunaomba uwe mlezi wa timu. Tunajua unakaa mbali. Hatuombi fedha wala jezi. Tunaomba uje hata mara moja kwa msimu, ukae pale kwenye jukwaa, useme "pigeni ngoma," nasi tutapiga. Wachezaji wetu wa sasa wanakujua kwa picha ya ukutani tu, na mchoraji alikukosea pua.

Ombi la nne limeandikwa na kamati hivi: "Tunaomba mgeni rasmi apokee radhi ya Pak Warsito, ambaye katika ratiba, namba saba, atapita mbele na kupiga magoti."

Mgeni rasmi, ombi hili sitalisoma zaidi ya hapo. Najua Pak Giyono ananitazama, na karatasi inayofuata hajaiona. Naomba uniwie radhi, Pak. Nitaisoma dua ya kamati kwanza, kwa sababu baada ya haya sijui kama nitabaki na sauti.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, ayape magoti yako nafuu, awarehemu wote waliokushangilia na sasa hawapo, na akufikishe salama popote utakapoamua kuwa ndiko kwenu. Amina.

Sasa ninasema kwa niaba ya mtu mmoja.

Jana alasiri nilikuwa jikoni kwetu nikijizoeza kuisoma risala hii. Baba alikuwa anapepeta soya. Nilipofika ombi la nne, ungo ukanyamaza.

"Futa," alisema.

"Nifute nini, Baba?"

"Jina la Warsito."

"Kamati imeshapitisha."

"Kamati haikuvaa ndala yangu Ijumaa ile." Kisha akajisahihisha: "Haikuvaa ndala yake, niliyoivaa mimi. Zangu zilikuwa za kahawia. Mguu wangu unaujua, Niken."

Ninaujua mguu wa baba yangu. Duka la viatu hapa halina namba yake. Nilikaa chini palepale kwenye gunia.

"Kwa nini hukusema, Baba? Wiki sita wanamcheka Pak Warsito, na wewe unamuuzia tempe!"

"Simuuzii. Nampa bure tangu ukurasa wa 112. Hajashangaa?"

"Anadhani unamwonea huruma."

"Mimi huyo wa kumwonea mtu huruma!" Akaupepeta ungo mara mbili, ingawa haukuwa na kitu tena. "Siku ile uliposoma, nilitaka kunyoosha mkono. Nikamwona Giyono, nikamwona Tumirah na kijiko. Nikasema, kesho. Kesho wakaunda jopo. Ukishaundiwa jopo, Niken, mdomo unakuwa mzito."

"Kesho atapiga magoti mbele ya watu wote. Sasa utasema mwenyewe?"

"Nikisimama mbele ya yule kijana nitalia." Mgeni rasmi, una miaka hamsini na tano, lakini kwake wewe bado ni kijana. "Sema wewe."

"Mimi nikisimama mbele ya watu, Baba, sauti inanikimbia. Unajua."

Akauweka ungo chini.

"Basi wote wawili tumepatikana," alisema.

Tulikubaliana hivi: asubuhi ya leo, kabla ya kahawa, yeye angekwenda kwa Pak Warsito peke yake, na mimi ningesoma mbele yako maneno atakayonipa. Yeye amekwishatimiza yake. Pak Warsito alimwacha amalize, akamwambia, "Ulinipa mitumbwi ile, Kuslan, nikaivaa miaka mitatu, ilinitoa malengelenge," kisha akamkalisha kwenye kiti akamnyoa bila kumuuliza anataka mtindo gani. Ndiyo maana baba yangu yuko vile mnavyomwona, mstari wa tatu, upande wa ngoma. Kwa hiyo namba saba katika ratiba haipo tena. Pak Warsito, tafadhali kaa. Sisi ndio tunaodaiwa radhi na wewe, na mimi wa kwanza, maana kila ulipokana niliandika na sikusema kwamba ninakuamini.

Kuhusu ndala yenyewe, yapo ambayo hakuna kitabu kilichoyaandika. Haya ndiyo maneno ya baba yangu, nayasoma kama alivyoyasema:

"Ngatimin. Mimi ni Kuslan, muuza tempe. Ndala niliirusha mimi. Nilikuwa nimemlenga mshika kibendera, aliyekataa bao letu dakika ya thelathini na moja kwamba umeotea. Hukuotea. Nililala na hasira ya bao lile miaka yote hii na sijaimaliza. Alikuwa anapita nyuma yako, jua likanipiga machoni, na mimi tangu utoto sina shabaha. Mke wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuniachia hata kufukuza kuku. Nilipoona imekupata wewe, watu wote walikuwa wamesimama, mimi nikakaa. Ile penalti uliyoikosa siku ile, ambayo labda ulidhani ndiyo iliyotukasirisha, sisi hatukuisema hata siku moja. Muulize yeyote. Tulirudi nyumbani tukimtukana mshika kibendera.

"Jumatatu nilikuwa mbele ya nyumba na ungo wa soya, basi la Jakarta likapita, nikakuona dirishani. Nilijua ni kwa sababu yangu. Basi lilikuwa linakwenda polepole kwa ajili ya mashimo, ningeweza kulifikia kwa miguu. Nilikuwa na neno mdomoni nikalimeza, nimekaa nalo miaka ishirini na tisa, na nimempa binti yangu alisome kwa sauti, kwa kuwa yeye ni mwoga kama mimi lakini amekwenda shule. Neno lenyewe ni hili: Ngatimin, shuka, hakuna aliyekufukuza, twende nyumbani."

Ni sisi, watu wako wa Jukwaa la Mashariki, Sumberlowo.